Wa Dirishani na wa Ukutani

Chuo Kikuu, Idara ya Sayansi ya Tabia
3 Februari

Kwa Fundi wa Cherehani na pacha wake, Fundi wa Minara,

Salamu nyingi. Mimi ni mtafiti, na ninachunguza jambo ambalo huenda nyumbani kwenu mmelizungumza mara nyingi bila kuliita sayansi. Mtu anayependa mambo mapya, safari mpya, kazi mpya, anazaliwa hivyo au anafanywa hivyo? Wahenga walituachia majibu mawili yanayogombana. Walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Halafu, pengine siku hiyohiyo, wakasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nimeajiriwa kukaa katikati yao.

Pacha wa kufanana kama ninyi wana jeni zilezile, karibu herufi kwa herufi. Shangazi yangu, ambaye ni mteja wenu, amenisimulia kwamba mmoja wenu hajawahi kuhama mtaa aliozaliwa, na mwingine hajawahi kuuzoea mji hata mmoja. Tangu aliponiambia sijatulia.

Nawaomba kila mmoja ajaze hojaji iliyomo humu, ateme mate kwenye kichupa, na abandike namba yake: namba moja kwa anayekaa, namba mbili kwa anayesafiri. Tafadhali msishauriane.

Wenu katika kutaka kujua,
Mtafiti

*

Nyumbani
10 Februari

Dirisha wangu,

Habari za huko juu? Naandika kwa sababu simu yako, kama kawaida, haipatikani. Ni wewe peke yako duniani: fundi wa minara ya simu asiyepatikana kwa simu. Najua utasema unakokwenda ndiko mtandao haujafika, ndiyo maana wanakutuma. Na hata ukipatikana, Mama huninyang'anya simu kabla sijamaliza kusema hujambo. Heri karatasi.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua ya mtafiti. Shangazi yake ni yule mama anayeshona sare za shule, yule ambaye cherehani yake ikikata uzi husema imerogwa. Siku hiyo alikuwa anasubiri nimbadilishie mkanda, Mama akapata msikilizaji, akamsimulia maisha yetu yote tangu kunyonya. Sasa tumekuwa sayansi. Mama amefurahi mno. Kusikia wanataka mate, amesema kwa mdomo wako wewe walete ndoo.

Mimi nimemwambia utafiti wa nini, na jibu si lipo tangu tukiwa wachanga? Alitulaza kitanda kimoja, mmoja upande wa dirisha, mwingine upande wa ukuta, na kwa kuwa tulifanana kama shilingi kwa ya pili, akatuita kwa pande zetu. Wa Dirishani akachungulia nje mpaka akatoka. Wa Ukutani akabaki. Kila mgeni huhadithiwa hivyo, na kila mgeni husema damu haidanganyi, na mimi hucheka nao.

Mama hajambo, ila magoti. Ngazi za nyuma hapandi tena bila mtu, na birika la maji ya moto nimempiga marufuku. Duka la marehemu baba linakwenda. Kuna watu wa vyuo vya ufundi walikuja kuniuliza jambo la kazi, si kitu cha maana.

Ukija, njoo ukae walau juma moja. Safari iliyopita siku ya nne tu ulianza kuzitazama mbao za dari kama mtu aliyefungwa.

Pacha wako,
Ukuta

*

Chumba cha uani, nyuma ya karakana ya matairi
21 Februari

Ukuta wangu usiobomoka,

Barua yako imenikuta nimetoka kushuka, mikono bado inanuka grisi. Mnara wa hapa ni mrefu na mwembamba, upepo ukivuma unacheza kidogo, na mwenzangu wa kamba huimba ili asitazame chini. Anaimba vibaya. Nikianguka, ujue ni kwa kujaribu kuziba masikio.

Kwa hiyo nimekuwa nyoka wa kupimwa mate. Haya, nimetema. Hojaji nitaijaza nikipata meza. Chumba hiki kina kitanda, ndoo na msumari mmoja wa kutundikia kila kitu. Wenye nyumba ni watu wazuri. Wameniuliza kama nitakaa sana. Nikawajibu kama ninavyowajibu wote, kwamba mimi ni kiguu na njia, wasinizoee.

Lakini nakuonya. Usije ukajaza yangu na yako kama tulivyofanya mtihani wa hesabu, wewe ukakaa kwenye kiti changu na mimi nikakaa kwenye chako siku ya mtihani wa kuchora. Mwalimu mpaka leo anaamini mimi ni bingwa wa sehemu na wewe ni bingwa wa vikombe na maua.

Watu wa vyuo walitaka kazi gani? Wewe ukisema kitu si cha maana, huwa nakaa chini kwanza.

Msalimie Mama, mwambie dari sikulitazama kwa ubaya.

Dirisha

*

Nyumbani
26 Februari

Kwa Mtafiti,

Bahasha yangu utaipata pamoja na barua hii, hojaji na mate. Nimejaza peke yangu, mlango wa duka ukiwa umefungwa, na nimejaza kweli tupu. Sasa na mimi nina swali kwako, na naomba libaki kati yetu. Pacha wangu halijui, Mama halijui.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nimejifunza kwa baba, nimekalia kiti chake. Vyuo vya ufundi vimeniomba nizunguke mwaka mzima, mji hadi mji, nikiwafundisha vijana kuzifungua mashine, kuzisafisha na kuzirudisha. Wanataka jibu kabla Aprili haijaisha. Nisipojibu, wamempata mwingine.

Nilipoambiwa, moyo ulinidunda hadi nikaangusha bobini ya uzi. Halafu nikajiambia, mwanamke wewe, umerukwa na akili? Mama atabaki na nani? Pacha wangu siwezi hata kumwomba. Huyo ukimfungia nyumbani ni kumuua. Na mimi mwenyewe sijawahi kulala nje ya mtaa huu isipokuwa hospitali. Kila mtu anajua nilivyo. Mimi ni ukuta.

Ndiyo maana nakuuliza. Katika mate yangu, unaweza kuona kama niliumbwa wa kukaa? Ukiniambia ni damu, nitawaandikia hapana na nitatulia, sitajilaumu tena. Nataka tu kuambiwa na mtu anayejua.

Fundi wa Cherehani

*

Chuo Kikuu
8 Machi

Mama Fundi, shikamoo,

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na ningependa sana kuwa yule mtu anayejua. Siye mimi, na sidhani kama yupo.

Zamani kidogo ilipatikana jeni moja inayohusika na jinsi ubongo unavyofurahia jambo jipya. Watu wakashangilia, magazeti yakaandika kwamba jeni ya kutangatanga imekamatwa. Wengine walipoipima upya, mara waliiona, mara hawakuiona kabisa. Siku hizi tunadhani ni jeni nyingi mno, kila moja ikisukuma kidogo tu, na pembeni yake kuna nyumba uliyolelewa, ugonjwa uliougua, rafiki uliyekutana naye na bahati tu. Tukichukua watu maelfu, tunaweza kusema jeni zina sehemu yao, na si ndogo. Tukimchukua mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha baba yake, hatuwezi kumwambia chochote.

Wewe ni mtu wa cherehani, kwa hiyo niseme hivi. Jeni ni kitambaa. Kitambaa kizito hakikubali kila mshono, hilo ni kweli, lakini hakijawahi kujikata chenyewe kikawa koti.

Samahani kwa kukunyima ulichokitaka. Swali lako ni zuri kuliko yote niliyoandika kwenye hojaji.

Mtafiti

*

Chuo Kikuu
29 Machi

Kwa nyote wawili,

Naomba msaada wenu katika jambo linalonitia aibu kidogo. Nadhani hojaji zenu zimebadilishana.

Hojaji namba moja, ya dada anayekaa, ni ya mtu anayependa mambo mapya kupita karibu wote niliowahi kuwapima. Namba mbili, ya dada anayesafiri, ni ya mtu anayetaka utulivu, njia anayoijua na meza yake mwenyewe. Kilichonishtua zaidi ni swali la mwisho, lile la kujibu kwa maneno yenu. Tuliuliza: Ukiambiwa leo kwamba mwaka ujao wote utafanana na huu, utajisikiaje? Anayekaa ameandika neno moja, "Ningelia." Anayesafiri ameandika, "Ningeshukuru."

Nilitaka kuhakikisha kwa mate, lakini mate yenu hayawezi kunisaidia, mmefanana mno. Nikajaribu mwandiko. Nao umefanana.

Tafadhali niambieni bila woga, mlibadilisha vibandiko?

Mtafiti

Nyongeza, 30 Machi: Profesa wangu ameiona nakala ya barua yangu ya jana baada ya mimi kuituma, na amenikaripia vikali kwa kumfunulia kila mmoja majibu ya mwenzake. Ana haki. Nawaomba radhi, ila maji yakishamwagika hayazoleki.

*

Nyuma ya karakana ya matairi
4 Aprili

Ukuta,

Nimeisoma barua ya yule kijana nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilikuonya kuhusu mtihani wa hesabu, nawe ukafanya kilekile. Umejaza ya kwako ukiniigiza mimi!

"Ningelia." Hivyo ndivyo unavyoniona? Mtu ambaye akiambiwa akae nyumbani na mama yake mwaka mmoja, analia? Ungenitania kwa mdomo ningecheka, tumetaniana tangu tumboni. Lakini kuandika kwenye karatasi ya chuo kikuu, ibaki huko milele! Mimi nilipotazama dari siku ile, unajua nilikuwa nafikiria nini? Hujui. Hukuuliza. Ulikwishalipata jibu lako kabla sijavua viatu.

Nimeumia, na nakwambia wazi kwamba nimeumia.

Dirisha

*

Nyumbani
10 Aprili

Kwa Bibi Dirisha,

Nani amemwigiza nani? Nyani haoni kundule! Wewe umekaa huko kwenye ndoo na msumari wako, ukafikiria Ukuta angejibuje, ukaandika "Ningeshukuru." Ndiyo, Ukuta hushukuru. Mpe kiti, mpe bisibisi, mpe mama wa kumpandisha ngazi, atashukuru. Miaka yote hii nimedhani walau mtu mmoja duniani ananijua kwa ndani, kumbe na wewe unanisoma kama wageni wa Mama, kwa jina tu.

Mimi sikukuigiza. Sina haja ya kukuigiza. Nilichoandika nilikiandika.

Mama anauliza mbona nimeikunja barua yako kwa hasira. Nimemwambia ni bili ya umeme.

Ukuta

*

Nyuma ya karakana ya matairi
14 Aprili

Ukuta,

Nimeisoma ya kwako mara nyingi, na kuna sentensi moja inanisumbua. "Nilichoandika nilikiandika."

Sasa nisikilize, na usicheke. Mimi pia sikukuigiza. "Ningeshukuru" ni neno langu. Nililiandika kwa sababu ndivyo ninavyojisikia, na sikutaka ulione kamwe, maana wewe na Mama mnajivunia kuwa na mtu wa minara, na mtu wa minara hachoki.

Kama ni hivyo, "ningelia" ni la nani? Jibu upesi. Barua hii nampa dereva wa gari la vifaa, naye atangoja hapohapo dukani mpaka umalize kuandika.

Dirisha

*

Nyumbani
15 Aprili

Dirisha,

Ni langu.

Dereva amekaa hapa nje anakunywa chai, na Mama ameshaanza kumsimulia tangu kunyonya, kwa hiyo nina muda.

Ni langu, pacha. Niliposoma lile swali nililiona jibu kabla sijashika kalamu. Nikaogopa. Nikafunga mlango wa duka, nikaandika, nikalamba bahasha haraka nisije nikaghairi. Wale watu wa vyuo wanataka nizunguke mwaka mzima kufundisha cherehani. Wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha. Nilimwandikia kijana wa watu aniambie kama damu yangu inakataa, ili nipate ruhusa ya kubaki. Akaninyima. Niliudhika naye siku mbili nzima.

Unajua kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ungesema nenda. Halafu ungerudi nyumbani kwa ajili yangu, ungetazama dari, na mimi ningekuwa huko ninafundisha kutia uzi huku nikijua nimekufungia ndani. Hilo nisingeliweza. Bora kukaa.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Jana, kwa hasira, nilimwuliza Mama, hivi ilikuwaje mpaka mimi nikawa wa ukutani? Kwani nililia ulipotaka kuniweka dirishani? Akanitazama kama mjinga.

"Nani kakwambia mlikaa upande mmoja?" akasema. "Nilikuwa nawageuza kila siku. Mtoto akilalia upande mmoja kichwa kinakuwa bapa. Leo huyu dirishani, kesho yule."

"Sasa majina yalitoka wapi?"

"Mjomba wenu alikuja kuwaona, akauliza huyu ni nani. Nikamwambia huyu wa dirishani, yule wa ukutani, maana ndivyo mlivyokuwa siku hiyo. Akatoka hapo akautangazia mtaa mzima. Ningefanyaje? Angekuja kesho yake, Dirisha ungekuwa wewe."

Halafu akaomba sukari.

Nilisimama pale na kopo la sukari mkononi. Maisha yetu yote, Dirisha! Wewe ukianguka kwenye ukuta wa jirani, watu husema ndivyo alivyo, wa dirishani huyo. Mimi nikipanda ukuta uleule, husema ameiga kwa mwenzake. Na yote kwa sababu Mjomba alikuja siku ile na si kesho yake. Na tena sasa hatujui hata nani mkubwa, maana Mama husema aliyetangulia ndiye aliyelazwa dirishani. Kwa hiyo ule ukubwa uliokuwa unanitambia tangu darasa la kwanza, naomba uurudishe.

Nimecheka, halafu nimelia kidogo, halafu nikamkorogea chai.

Sasa niambie ukweli wako wote. Sitaki ukweli wa dada mwema anayetaka nisafiri, nataka ule ulioandika kwenye namba mbili.

Ukuta (kwa mujibu wa Mjomba)

*

Nyuma ya karakana ya matairi
18 Aprili

Pacha wangu,

Ukweli ni huu. Nimenunua pazia. Usinicheke! Chumba hiki cha kupanga, kitanda, ndoo, msumari, nami nikaenda sokoni nikanunua pazia la maua ya njano, nikalishona kwa mkono, vibaya, ungeona aibu kuwa dada yangu. Wenye nyumba waliponiuliza tena kama nitakaa sana, nilifungua mdomo niseme lile neno langu la kiguu na njia, nikajikuta nawauliza kama naweza kupigilia msumari wa pili.

Mwanzoni nilizipenda safari, sikudanganyi. Ukifika juu mara ya kwanza, ukauona mji mzima ambao hujui hata mtaa wake mmoja, unajisikia umezaliwa upya. Lakini baada ya miaka yote hii kila mji nauona kwa juu tu. Najua mapaa ya watu, sijui majina yao. Mwaka jana walinipa kuwa msimamizi wa kituo kimoja, nikae palepale. Nilitamani mpaka nikaumwa. Nikakataa, kwa sababu nilijiuliza Mama atawaambia nini wageni.

Siku ile nilipotazama dari kule nyumbani, nilikuwa naiangalia ile mbao iliyooza juu ya kabati la baba. Nilikuwa nafikiria jinsi ya kuibadilisha. Nilifikiria ningehitaji siku ngapi, na kama ningezipata bila kukwambia kwamba nataka kubaki. Nikaona huko ni kukupokonya nyumba yako. Wewe ndiye mwenye ukuta. Nikafunga mkoba nikaondoka.

Tumekuwa wajinga wawili wenye akili moja.

Kwa hiyo andika ndiyo. Waandikie leo, mbele ya dereva, umpe yeye mwenyewe aipeleke posta. Mimi nimekwishatoa notisi, na mwenzangu wa kamba ameangua kilio cha kuimba. Nitafika kabla hujaondoka unifundishe mkanda na bobini. Nikiharibu cherehani ya shangazi wa mtafiti, nitasema imerogwa.

Naogopa, nikwambie. Itakuwaje nikichoka baada ya miezi mitatu? Kweli sijui. Lakini woga huu ni mpya kwangu, na nimeupenda.

Dirisha (hadi Mjomba atakapopinga)

*

Nyumbani
12 Mei

Kwa Mtafiti,

Sisi sote wawili hatujambo, na tumeandika barua hii kwa zamu, kalamu moja, mstari wako mstari wangu, kwa hiyo usijisumbue kupima mwandiko.

Ulituuliza kama tulibadilishana. Hapana. Kila mmoja alijaza ya kwake, peke yake, na alisema kweli. Kubadilishana ndiyo kwanza tunaanza.

Mmoja wetu anaondoka Jumatatu kwenda kufundisha. Mwingine tayari amekalia kiti cha baba, ameng'oa mbao moja ya dari na amemwangushia Mama vumbi kwenye chai. Mama anasema hajawahi kuona pacha wasiofanana namna hii. Anakuuliza pia wewe, kwenu ulilala upande gani, na nani alikupangia?

Profesa wako asikukaripie tena. Mwambie kosa lako ndilo lililotusaidia.

Pacha wako wa utafiti

*

Chuo Kikuu
20 Mei

Kwa Mama Fundi anayesafiri na Mama Fundi anayekaa, shikamooni,

Nimempa Profesa barua yenu. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza swali ambalo sijalipatia jibu, nami nawaletea ninyi.

Mimi niliona majibu yenu yanapingana, nikasema basi jeni hapa hazina neno. Yeye akasema hebu tazama tena. Aliyekaa maisha yake yote anataka kwenda. Aliyekwenda maisha yake yote anataka kukaa. Je, hawa si watu wawili wanaotaka kitu kilekile, yaani lile jambo ambalo bado hawajalijaribu? Huenda mmenijibu sawasawa kabisa, na ni hojaji yangu iliyokuwa kipofu.

Sijui. Kama ni damu, imewatuma njia mbili. Kama ni majina, basi mmeyashinda mkiwa watu wazima, na hilo nalo lazima litoke mahali. Nimeanza kuandika hojaji upya. Swali la kwanza sasa linamwuliza mtu nani alimwambia yeye ni mtu wa namna gani.

Nimempigia mama yangu kumwuliza nililala upande gani. Anasema hatukuwa na kitanda.

Mtafiti

*

Chuo cha ufundi, mji wa kwanza
2 Juni

Dirisha wangu,

Nimefika. Safari nzima nilishika mkoba kama mtu anayebeba mayai. Niliposhuka sikujua niende kulia au kushoto, na badala ya kuogopa nikasimama tu palepale nikitabasamu kama mwehu, watu wananipita. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, hilo nimelisikia tangu utotoni, na leo ndiyo nimejua lilikuwa linasemwa kwangu.

Darasa langu lina vijana wachangamfu na cherehani zilizokufa zote. Nimewaambia wasiogope kufungua, kila skrubu itarudi mahali pake, na isiporudi tutajua kwa nini. Mmoja ameniuliza kama nimezunguka sana katika kazi hii. Nimemwambia huu ni mji wangu wa kwanza. Akadhani natania.

Sijakwambia yote ni matamu. Jioni ya kwanza nilikukumbuka wewe na Mama mpaka nikakosa hamu ya kula. Nilitaka kusikia kijiko chake kinavyogonga kikombe. Nikajiuliza kama yule kijana angenipima muda ule, ningeandika nini kwenye swali la mwisho. Nadhani bado ningeandika lilelile, ila polepole zaidi.

Niambie kweli, unaendeleaje? Mama ananiandikia kwamba akiita "Dirisha" unaitika, na akisahau akaita "Ukuta" unaitika pia. Siku utakayoanza kutazama dari kwa ubaya, niandikie siku hiyohiyo, usingoje dereva. Hatukufungana, tumepokezana tu.

Na sasa chumba changu. Kina kitanda kimoja, na kitanda kimesukumwa hadi ukutani. Nikasema la, si leo. Nikakivuta peke yangu chumba kizima hadi chini ya dirisha, jasho likanitoka, miguu ya chuma ikapiga kelele, jirani akagonga. Nikapanda juu, nikashika pazia, nikalivuta nione huo ulimwengu niliouacha kwako miaka yote.

Dirisha langu linatazama ukuta.

Ukuta mtupu wa ghala, Dirisha, karibu naweza kuugusa! Nimecheka mpaka jirani akagonga tena. Kitanda nimekiacha hapohapo. Msomee Mama sehemu hii polepole, na kikombe mwondolee mkononi kwanza.

Wako,
wa Ukutani, ninayelala dirishani